Maswali ya Wasomaji: Tamasha la California Katika Sebule Yetu

Barua nyingi za mwezi huu zimekuja na jambo moja. Kila Aprili, kwa wikendi mbili zinazofuatana, tamasha la muziki la Coachella hufanyika katika viwanja vya polo vya mji wa Indio, kwenye jangwa la kusini mwa California, nchini Marekani. Tangu mwaka 2011 tamasha hilo limekuwa likirushwa moja kwa moja kupitia YouTube bila mtazamaji kulipa kiingilio, isipokuwa mwaka 2020 na 2021 ambapo halikufanyika kwa sababu ya korona. Wasomaji wetu wanataka kulitazama pamoja na familia zao, na kutokana na maswali yao naona kwamba wengi wamekwisha kujaribu wakakwama. Nimechagua barua saba. Nimezijibu kwa moyo mmoja, kwa kuwa naamini kwamba muziki wa mbali unaosikilizwa na watu wa nyumba moja kwa wakati mmoja unastahili kuandaliwa kama tunavyoandaa shughuli nyingine yoyote ya nyumbani.

SWALI: Mwaka jana mimi na watoto wangu wawili tuliandaa kila kitu, tukakaa mbele ya runinga Ijumaa saa tatu usiku kama ratiba ilivyosema, tukakuta hakuna kinachoendelea. Tulisubiri hadi watoto wakalala mkekani. Tulikosea wapi? Mume wangu anasema ni afadhali tungoje marudio tu. (Mama wa watoto wawili, Tabata, Dar es Salaam)

JIBU: Dada yangu, poleni kwa usiku ule, hasa watoto. Saa mliyoisoma ilikuwa sahihi, ila ilikuwa saa ya California. Ratiba ya tamasha hutolewa kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, na katika mwezi wa Aprili Afrika Mashariki huwa mbele ya California kwa saa kumi. Saa tatu usiku ya Ijumaa kule ni saa moja asubuhi ya Jumamosi huku kwetu. Mlipokuwa mmekaa mbele ya runinga, Indio ilikuwa saa tano asubuhi na jua kali la jangwani likiwaka.

Njia ninayoitumia mimi, ambayo sasa hata mwanangu wa darasa la tano anaijua, ni kuichukua namba ya saa iliyoandikwa kwa Kizungu kwenye ratiba na kuiongezea nne. Jibu ninalolipata ndilo saa yetu ya Kiswahili, na likizidi kumi na mbili ninaondoa kumi na mbili. Ratiba ikisema 4 jioni, nne na nne ni nane, basi ni saa nane usiku. Ikisema 8 usiku, nane na nne ni kumi na mbili, basi ni saa kumi na mbili asubuhi. Ikisema 9 usiku, jumla ni kumi na tatu, ukiondoa kumi na mbili inabaki moja, nayo ni saa moja asubuhi. Sababu yake ni rahisi: tunaongeza saa kumi za umbali wa mahali, kisha tunaondoa saa sita zinazoitenga saa ya Kizungu na ya Kiswahili, zinabaki nne. Kwa kuwa jioni na usiku wa kule huangukia siku inayofuata huku, tamasha la Ijumaa, Jumamosi na Jumapili kwetu ni la usiku wa manane na asubuhi za Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Hesabu hii ni ya majira ambayo Wamarekani wamesogeza saa zao mbele, yaani kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, kwa hiyo msiitumie kwa tamasha la Desemba.

Ukishaielewa hesabu hiyo utaona kwamba ratiba inaifaa familia kuliko ulivyodhani. Miaka ya karibuni matangazo yamekuwa yakianza saa kumi jioni ya kule, ambayo kwetu ni saa nane usiku, na hapo sioni sababu ya kumwamsha mtoto. Lakini wasanii wakuu hupanda jukwaani usiku wa kule ukiwa umekolea, na kwetu huwa kumepambazuka. Mwaka 2018, Beyoncé alipopanda jukwaani usiku wa Jumamosi tarehe 14 Aprili, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa msanii mkuu wa tamasha hilo, huku kwetu ilikuwa saa tatu asubuhi ya Jumapili tarehe 15. Nyumbani kwangu tulikuwa watu sita mbele ya simu moja iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Tulikuwa tumetoka misa ya kwanza, vitumbua vilikuwa bado vya moto, na mume wangu, ambaye kwa kawaida hutoka sebuleni muziki wa vijana unapoanza, alisimama nyuma yetu muda wote bila kukaa.

Kuhusu marudio, mume wako ana hoja, na sitaki kuipuuza. Kwa kawaida, baada ya msanii wa mwisho kushuka, maonesho ya usiku huo huanza kurudiwa hadi matangazo ya siku inayofuata yatakapoanza, kwa hiyo aliyechelewa anaweza kuyapata mchana. Hata hivyo, onesho zima halibaki mtandaoni siku zote, na mnayeahirisha kumwangalia leo huenda kesho msimkute. Zaidi ya hapo, nimeona kwa macho yangu kwamba mtoto anayejua kuwa yule mwimbaji anaimba sasa hivi, upande mwingine wa dunia ambako bado ni jana, hutazama kwa namna nyingine kabisa. Chagueni onesho moja la moja kwa moja kwa siku, na mengine yote mwachieni baba ayatazame kwa marudio.

SWALI: Tunaishi Morogoro na tunatumia intaneti ya simu tu, tukiirusha kwenye runinga kwa hotispoti. Picha ilikuwa ikikwama kila baada ya dakika chache, kiduara kikizunguka, na kifurushi cha GB 5 kikaisha kwa muda wa saa mbili na kidogo. Je, tununue kifurushi kikubwa zaidi? (Baba Neema, Morogoro)

JIBU: Kaka, kabla ya kuongeza fedha kwenye kifurushi, punguza kiwango cha picha. Google, ambao ndio wenye YouTube, wanashauri kasi ya megabiti 0.7 kwa sekunde kwa picha ya kiwango cha 360, megabiti 1.1 kwa 480, 2.5 kwa 720 na 5 kwa 1080. Megabiti moja kwa sekunde, ikiendelea kwa saa nzima, ni sawa na MB 450. Kwa hesabu hiyo, saa moja ya 480 inakula takriban MB 495, saa moja ya 720 inakula GB 1.1, na saa moja ya 1080 inakula GB 2.25. Sasa unaona kifurushi chako kilikokwenda: runinga ilijichagulia picha ya 1080, na GB 5 zikaisha kama ilivyotarajiwa. Kifurushi hicho hicho, kwa kiwango cha 480, kingewatosha kwa saa kumi. Bonyeza alama ya mipangilio pembeni mwa picha, toka kwenye uchaguzi wa kujiendesha, na uweke 480 kwa mkono wako. Kwenye runinga ya inchi 32 inayotazamwa kutoka kwenye kochi, uso wa mwimbaji utaonekana vizuri, na sauti ndiyo iliyowakusanya.

Kukwama kwa picha kuna sababu yake pia. Matangazo ya moja kwa moja hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na kifaa chako huvuta vipande kadhaa mbele ili kuwe na akiba. Mtandao ukizidiwa, akiba huisha, na hapo ndipo kiduara kinapoanza kuzunguka. Katika filamu ya kawaida kifaa kinaweza kuvuta dakika nyingi mbele, lakini katika matangazo ya moja kwa moja hakuna cha kuvuta, kwa sababu mambo yenyewe bado hayajatokea. Ndiyo maana mtandao unaotosha kwa video nyingine unaweza kushindwa hapa. Mkirudi nyuma kwa dakika moja au mbili, pale matangazo yanaporuhusu, mnakipa kifaa nafasi ya kujiwekea akiba, na mara nyingi kukwama kunapungua.

Yapo mambo mengine madogo yanayosaidia sana. Simu inayotoa hotispoti iwekwe karibu na dirisha, ivuliwe kava lake kwa sababu itapata joto, na iwe kwenye chaja tangu mwanzo. Simu nyingine za nyumbani ziondolewe kwenye hotispoti hiyo, kwa kuwa zikiona mtandao huanza kusasisha programu zake kimyakimya na kuwamalizia kifurushi. Ukinunua kifurushi cha usiku kwa kuwa ni cha bei nafuu, soma kwanza kinakoma saa ngapi. Kikiwa kinakoma alfajiri, kitakuwa kimekwisha wakati wasanii wakuu ndio kwanza wanapanda.

Aprili pia ni mwezi wa masika. Mvua ikinyesha juu ya bati hamtasikia neno, hata spika iwe kubwa kiasi gani, kwa hiyo wekeni spika chini na karibu nanyi badala ya kuongeza sauti. Umeme ukikatika, malizieni kwa simu. Wenye nyumba ambazo umeme wao haukatiki wanaweza kuruka sentensi hiyo, lakini barua nilizonazo hazikutoka katika nyumba hizo.

SWALI: Nyanya yetu ana miaka 79 na tunaishi naye. Kila tukiwasha tamasha anasema ni kelele, anaingia chumbani na kufunga mlango. Hatutaki kumfukuza sebuleni kwake mwenyewe, lakini pia tunaupenda muziki huu. Tufanyeje? (Wajukuu watatu, Mombasa)

JIBU: Wanangu, mmeuliza swali ambalo nimelisubiri kwa muda mrefu, na namna mlivyoliuliza inaonesha kwamba nyanya yenu amewalea vizuri. Kwanza mkaangalie sauti. Sabufa inayotikisa kioo cha kabati inamuumiza mtu mzima kuliko inavyowaumiza ninyi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba usikilizaji wa wastani wa desibeli 80 usizidi saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na kwa watoto kiwango kishuke hadi desibeli 75. Kipimo cha nyumbani ni chepesi: kama nyanya hawezi kumwambia aliye karibu naye jambo bila kupaza sauti, muziki umezidi. Punguzeni mdundo wa chini kabla ya kupunguza kitu kingine chochote.

Baada ya hapo, msimwite atazame tu. Muulizeni. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Ng'ambo, Zanzibar, naye alikuwa akikimbilia chumbani. Asubuhi ile ya 2018 niliyoitaja hapo juu, Beyoncé alikuja jukwaani na kundi kubwa la wapiga matarumbeta na ngoma, waliovaa sare na kupangwa kwa safu, kwa mtindo wa bendi za vyuo vya Wamarekani weusi. Mama mkwe alitokea mlangoni kwa sababu ya yale matarumbeta. Alitazama kidogo, akasema, "Hii si beni?" Tangu hapo hakuondoka. Alitueleza beni za harusi za utotoni mwake, nani alitangulia, watoto walikimbia upande gani, na sisi ambao tulidhani tunamwonesha jambo jipya tukawa ndio tunaofundishwa.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Beni ilianza katika pwani yenu hiyo hiyo ya Lamu na Mombasa miaka ya 1890, watu wakiiga bendi za kijeshi za wakoloni kwa sare, vyeo na gwaride, kisha ikasambaa hadi Tanga, Dar es Salaam na bara, na vyama vyake vikubwa vya Marini na Arinoti vikashindana kwa miaka mingi. Watu weusi wa Marekani nao walizichukua ala za bendi ya kijeshi wakazifanya zao. Mwambieni nyanya habari hiyo, kisha mkae kimya mumsikilize.

Wala kusikiliza muziki wa mbali mkiwa nyumbani si jambo geni kwa watu wa umri wake. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay kurekodi, na sahani zake zikarudi pwani zikapigwa kwenye santuri mbele ya watu waliokaa pamoja kusikiliza. Baadaye ikaja redio moja iliyowakusanya watu wa nyumba kadhaa. Nyanya yenu anayajua mambo ya kukaa pamoja kusikiliza kuliko ninyi mnaosikiliza kila mtu na kidude chake sikioni. Mpeni kiti chake, mpeni nafasi ya kuchagua, na akichagua kuondoka baada ya nyimbo mbili, mwacheni aondoke kwa heshima.

SWALI: Nina mabinti wa miaka tisa na kumi na mitatu. Mkubwa anampenda sana mwimbaji Tyla. Ninaogopa mavazi, matusi katika nyimbo, na mambo yanayoandikwa pembeni mwa video. Je, niwakataze kabisa? (Mzazi, Arusha)

JIBU: Mzazi mwenzangu, hofu yako ni ya haki, kwa kuwa matangazo ya moja kwa moja hayachujwi kabla ya kukufikia. Sikushauri ukataze. Binti wa miaka kumi na mitatu akikatazwa sebuleni ataangalia kwa simu ya rafiki yake, tena bila wewe kuwepo. Ila kidhibiti cha runinga kiwe mkononi mwako.

Coachella ina jambo moja linalomsaidia sana mzazi, nalo ni kwamba kwa kawaida orodha ya wasanii wa wikendi ya kwanza ndiyo hiyo hiyo ya wikendi ya pili. Tazama wewe mwenyewe wikendi ya kwanza, peke yako au na mwenzi wako, uone nani anafaa na nani hafai, kisha wikendi ya pili uwaite mabinti kwa onesho ulilolichagua. Hutajua kila neno, lakini hutashtukizwa. Na usiende na wazo kwamba kila kitu cha huko ni kibaya. Binti anayemwona Tems, aliyeimba huko mwaka 2024, au Tyla, Rema na Amaarae walioimba mwaka 2025, anawaona vijana wa Nigeria, Afrika Kusini na Ghana wakisimama mbele ya umati mkubwa Marekani wakiimba muziki uliozaliwa huku Afrika. Mimi napenda mabinti zetu waone jambo hilo wakiwa bado wadogo. Vazi likikukera, sema kwamba limekukera na useme kwa nini, kwa sauti ya kawaida, kisha mwache na yeye aseme anavyoona.

Mazungumzo yanayopita pembeni mwa video yafunge kabisa. Yanaweza kufungwa kwa kubonyeza mara moja, na hayana faida yoyote kwa mtoto. Pia wafundishe kuingia kwenye tamasha kupitia chaneli rasmi peke yake. Siku za tamasha huzuka viungo vya uongo vinavyodai kurusha onesho na kumtaka mtu aandike namba ya kadi au namba ya siri ya fedha za simu. Hili halilipiwi, kwa hiyo yeyote anayedai malipo ni mwizi.

SWALI: Nina projekta na sabufa nzuri. Nataka kuwaonesha watu wa mtaa wetu tamasha katika kibanda umiza na kutoza shilingi mia tano tano. Kuna tatizo? (Kijana, Mbagala)

JIBU: Lipo, mwanangu. Masharti ya YouTube yanaruhusu kutazama kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara, na ukishatoza kiingilio umetoka humo. Hapa Tanzania pia ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndio wasimamizi wa haki hizo. Waite majirani wachache nyumbani kwenu bila kutoza kitu, kila mmoja aje na kiti chake, na projekta hiyo itakupa heshima mtaani.

SWALI: Sisi ni ndugu wanne tunaoishi Muscat, na wazazi wetu wako Unguja. Zamani tulikuwa tukienda pamoja kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe. Sasa tunapiga simu ya kundi tukitazama Coachella, lakini baba hushangilia kabla yetu, sisi tunacheka wakati wao wamenyamaza, na sauti zinagongana hadi mama anakata simu. Kuna dawa? (Ndugu wanne, Muscat)

JIBU: Ndugu zangu, dawa ipo. Picha inayotoka jukwaani haifiki kwenye nyumba zote kwa wakati mmoja. Hupita kwenye mitambo, hukatwa vipande, na kila kifaa hujiwekea akiba yake, hivi kwamba nyumba mbili zinazotazama tamasha lile lile zinaweza kupishana kwa sekunde kumi, thelathini au hata zaidi. Hata simu na runinga katika chumba kimoja hazilingani. Baba yenu hakuwa na haraka, kifaa chake ndicho kilichotangulia.

Fanyeni hivi kabla ya onesho kuanza. Pigianeni simu ya kawaida ya sauti, au kwa programu inayoruhusiwa mahali mlipo. Aliye nyuma kuliko wote ndiye kipimo, kwa sababu anayetangulia anaweza kusubiri lakini anayechelewa hawezi kuruka mbele ya akiba yake. Aliye nyuma aseme neno mara anapoona tukio fulani, kwa mfano taa kuzimwa au mwimbaji kuinua mkono, na wale waliokwisha kuliona wasimamishe picha kwa muda waliotangulia, kisha waendelee. Mkirudia mara mbili mtakuwa mmekaribiana kiasi cha kucheka pamoja. Picha ikikwama kwenye nyumba mojawapo, mtalazimika kupima tena, na hilo msilionee uchovu.

Kugongana kwa sauti ni kwa sababu simu zenu zinaubeba muziki wa runinga ya huku na kuupeleka kule. Wakati wa wimbo, kila nyumba izime maikrofoni na, kama simu ni ya video, iache picha za nyuso tu. Wimbo ukiisha, fungueni maikrofoni na mzungumze. Kumbukeni pia kwamba Muscat iko mbele ya Unguja kwa saa moja, kwa hiyo saa moja asubuhi ya baba ni saa mbili yenu. Andikeni saa za nyumba zote mbili kwenye ujumbe mmoja.

Mmenigusa mlipoitaja Ngome Kongwe. Tangu mwaka 2004 Sauti za Busara imewakutanisha watu ndani ya kuta zile kila Februari, isipokuwa mwaka 2016, na anayeijua hewa ile ya usiku hatadanganyika kwamba kioo ni sawa na kukaa pale na wazazi wake bega kwa bega. Sitawaambia kwamba ni sawa. Lakini mama aliyekuwa anakata simu kwa kukerwa na kelele anaweza kubaki nanyi saa nzima, na kwa familia iliyotenganishwa na bahari, saa nzima ni nyingi. Mkipata likizo ya Februari, pandeni ndege mwende nao.

SWALI: Mume wangu ni mlinzi wa usiku. Anatoka kazini saa kumi na mbili asubuhi na kufika nyumbani karibu saa moja, akala na kulala hadi mchana. Sikukuu nyingi za familia zinampita akiwa kazini au amelala. Watoto wanataka kutazama tamasha, nami naogopa watamnyima usingizi baba yao. (Mama, Kigamboni)

JIBU: Dada, soma tena ile hesabu ya swali la kwanza. Wasanii wanaosubiriwa kuliko wote hupanda kati ya saa tatu na saa sita usiku wa California, yaani kuanzia saa moja asubuhi yetu. Ni wakati ule ule ambao mume wako anafungua mlango.

Muulize kabla, siku ambayo hana uchovu mwingi, ni msanii yupi angependa kumwona, au umweleze kuhusu wawili watatu achague mmoja. Asubuhi hiyo, maji ya kuoga yawe tayari, chai iwe mezani, na watoto wawe wameshanawa nyuso na kukaa. Iwe Jumamosi au Jumapili. Asubuhi ya Jumatatu ni ya shule na usiiguse. Atazame onesho moja, la saa moja au saa moja na nusu, akiwa na watoto wake pembeni. Msanii akishuka, zimeni runinga palepale hata kama mwingine anaanza, watoto watoke nje wakacheze, na mapazia ya chumbani yavutwe. Wanayoyataka zaidi watayatazama kwa marudio alasiri, baba yao akiwa ameshaamka.